Frank Zamboni: Fundi wa majokofu ya maziwa aliyeuza muda juu ya barafu

Ukurasa huu umezoea bei ya mahindi, mbolea ya ruzuku na riba za benki. Wiki hii tunahamia kwenye barafu. Si ile ya kuwekea samaki wasioze, bali barafu ambayo watu hulipa kiingilio ili wateleze juu yake wakiwa wamevaa viatu vyenye wembe chini. Mtu tunayemwangalia ni Frank Zamboni, aliyefariki mwaka 1988. Katika nchi za baridi jina lake limekuwa jina la mashine, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Colgate hata kama boksi limeandikwa kitu kingine.

Huenda ukauliza anahusika vipi na kurasa za kilimo. Anahusika sana. Alikulia shambani, wateja wake wa kwanza walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mashine iliyompa utajiri ilianza kama kitu cha kukokotwa na trekta. Zaidi ya hayo, alikumbwa na jambo ambalo wenye viwanda vidogo wengi wanalifahamu: bidhaa yake ilikosa soko huku mitambo yake bado ikiwa mizima.

Zamboni alizaliwa Januari 16, 1901, katika mji wa machimbo wa Eureka, jimbo la Utah, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Angali mdogo, familia ilihamia shamba lililokuwa karibu na Lava Hot Springs, jimbo la Idaho, na huko ndiko alikokulia. Shule hakuifikisha mbali. Aliishia darasa la tisa, akarudi kufanya kazi shambani, na kama vijana wengi wa mashambani wenye mikono myepesi akajifunza ufundi kwa kukarabati kilichoharibika, kwa sababu fundi wa kuitwa hakuwepo.

Mwaka 1920 alihamia kusini mwa California, jirani na Los Angeles, alikokuwa kaka yake George mwenye gereji. Baadaye alikwenda Chicago kusoma chuo cha ufundi. Aliporudi, mwaka 1922, alishirikiana na mdogo wake Lawrence kufungua biashara ya kazi za umeme katika kijiji cha Hynes. Mwaka uliofuata alimwoa Norda Chamberlain, wakajaliwa watoto watatu.

Mahali alipochagua kuweka biashara panastahili maelezo. Hynes na kijiji jirani cha Clearwater, ambavyo mwaka 1948 viliunganishwa na kuwa mji wa Paramount, vilikuwa kitovu cha maziwa kwa jiji la Los Angeles. Ng'ombe walikuwa kwa maelfu, na wote walitegemea majani makavu yaliyoletwa kwa malori na treni. Wafanyabiashara wa majani hayo walikutana chini ya mti mkubwa wa karafuu maiti, wakakubaliana bei ya siku hiyo, na bei hiyo ikafuatwa mbali nje ya kijiji. Mti huo bado umehifadhiwa kama alama ya kihistoria ya jimbo la California. Kwa msomaji aliyezoea kuona bei ya ng'ombe ikipangwa mnadani chini ya mwembe, hilo halina ugeni wowote.

Sasa, mfugaji wa maziwa ana adui mmoja asiyelala, nalo ni joto. Maziwa yanatoka kwenye chuchu yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi. Yasipopozwa haraka hadi karibu nyuzi 4, bakteria huongezeka kwa kasi na kiwanda huyakataa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa umeme ukikatika anajua hasara hiyo inavyokuja bila kupiga hodi. Akina Zamboni waliingia hapo. Walifunga vifaa vya kupozea maziwa kwenye mazizi, na kwa kazi hiyo wakajua compressor, mabomba na maji ya chumvi yanayozungushwa humo, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji ya kawaida.

Kutoka kwenye kupoza maziwa hadi kutengeneza barafu ni hatua fupi. Mwaka 1927 walijenga kiwanda cha barafu ya mabonge. Wakati huo soko lilikuwepo: wasafirishaji wa mboga na matunda walipanga mabonge ya barafu ndani ya mabehewa ili mazao yafike yakiwa mabichi, na nyumbani watu walikuwa na makabati ya kuhifadhia chakula yaliyopozwa kwa bonge la barafu lililoletwa mlangoni. Kwa miaka kadhaa biashara ilikwenda vizuri.

Kisha teknolojia ile ile iliyowapa kazi ikaanza kuwanyang'anya soko. Katika miaka ya 1930 majokofu ya umeme yalienea majumbani, na njia nyingine za kupoza zikaboreshwa. Mwenye jokofu hanunui bonge la barafu. Hadi kufikia mwaka 1939, ndugu hao walikuwa na mitambo mizuri ya kugandisha na wateja wanaopungua.

Sisi wachumi tuna jina la fedha iliyokwisha kutumika na isiyoweza kurudi. Tunaiita gharama iliyozama. Kanuni ya darasani ni nyepesi: usiihesabu tena, angalia mbele. Tatizo la kanuni hiyo ni kwamba haimwambii mwenye mali afanye nini na mashine zilizoko bandani. Wengi huziuza kwa bei ya chuma chakavu. Wengine huendelea kuzalisha bidhaa ile ile kwa bei ya hasara, wakitumaini soko litarudi. Zamboni alijiuliza swali tofauti kidogo. Aliacha kutazama bidhaa akatazama uwezo wa mtambo: mashine hii inagandisha maji, na nani mwingine, zaidi ya mwenye behewa la kabichi, anayehitaji maji yaliyogandishwa?

Jibu alilipata kwenye mchezo.

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na nchini Kanada, uwanja wa kuteleza ni kitu ambacho familia inaweza kujitengenezea yenyewe nyuma ya nyumba. Baridi ikishika, baba au mama husawazisha sehemu ya ua, hushindilia theluji au kutandika karatasi kubwa la nailoni, kisha hunyunyizia maji usiku, tabaka moja jembamba juu ya jingine, akisubiri kila moja ligande. Maji yakimwagwa mengi kwa mara moja, juu hugandia na chini hubaki maji, na mtoto wa kwanza kukanyaga hutumbukia. Kazi haiishii hapo. Kila siku lazima theluji ifagiliwe, nyufa zizibwe kwa theluji iliyoloweshwa, na uso umwagiwe maji tena kwa sababu wembe wa viatu huuchimba. Ni kazi ya jasho katika baridi kali, na mtaji wake ni bomba la maji na uvumilivu.

Kusini mwa California hakuna baridi ya namna hiyo. Huko jua linawaka Desemba na Januari, na familia isingeweza kugandisha ua wake hata kwa kuota. Maana yake ni kwamba kile ambacho mkazi wa Kanada anakipata bure kutoka kwa hali ya hewa, mkazi wa Los Angeles angekilipia. Zamboni alikuwa na baridi ya kuuza. Akishirikiana na Lawrence na binamu yao Pete, alijenga uwanja wa kuteleza uliopewa jina la Iceland, ukafunguliwa Januari 1940, karibu kabisa na kilipokuwa kiwanda cha barafu.

Ulikuwa mmoja wa viwanja vikubwa vya aina yake nchini humo. Eneo la barafu lilikuwa futi za mraba 20,000, yaani mita za mraba 1,860 hivi, zaidi kidogo ya robo ya uwanja wa mpira wa miguu, na uliweza kuchukua hadi watu 800 kwa wakati mmoja. Mwanzoni haukuwa na paa. Jua na upepo mkavu wa eneo lile viliilamba barafu kuliko mitambo ilivyoweza kuirudisha, na bili ya umeme wa kupambana na jua ni bili isiyo na mwisho. Katika mwaka huo huo wa kwanza wakaezeka paa la kuba.

Tatizo la pili lilikuwa sakafuni. Viwanja vya wakati huo viligandishwa kwa mabomba yaliyopita chini ya barafu. Juu ya bomba baridi ilikuwa kali, katikati ya bomba na bomba ikawa hafifu, na matokeo yake uso wa barafu ulikuwa na mawimbi madogo kama bati la kuezekea. Zamboni alibuni sakafu inayosambaza baridi kwa usawa, na mwaka 1946 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Ni moja kati ya hataza 15 alizopata maishani mwake. Si haba kwa mtu wa darasa la tisa, ingawa nisingependa kijana yeyote asome sentensi hii kama ruhusa ya kuacha shule. Zamboni naye alirudi chuoni alipoona ufundi wa kuokoteza haumtoshi.

Saa moja na nusu ya kusubiri

Uwanja ukajaa. Na hapo ndipo biashara ilipoonyesha kidonda chake.

Watu mia kadhaa wakiteleza kwa saa mbili, barafu hubaki kama shamba lililolimwa kwa jembe la mkono. Mifereji, vifusi, mashimo. Mteja akijikwaa mara tatu harudi. Kwa hiyo lazima uwanja ufungwe na barafu itengenezwe upya. Namna ya kufanya hivyo ilikuwa hivi: trekta lilivuta kisu cha kukwangua, wafanyakazi watatu au wanne wakafuata wakizoa vifusi kwa makoleo, kisha wakamwaga maji, wakayasukuma kwa mipira ya kukaushia sakafu ili yaondoe uchafu, wakamwaga maji safi, wakasubiri yagande. Kazi nzima ilichukua zaidi ya saa moja, mara nyingine saa moja na nusu.

Tupige hesabu kwa mfano wangu mwenyewe. Chukua uwanja unaofunguliwa saa kumi kwa siku na kutengenezwa mara mbili ukiwa wazi. Kwa njia ya zamani saa tatu zinapotea, yaani karibu theluthi ya siku. Katika saa hizo tatu compressor zinaendelea kunguruma, umeme unaliwa, mkopo wa jengo unadaiwa, na wafanyakazi wanalipwa, lakini hakuna hata mtu mmoja anayenunua tiketi. Mbaya zaidi, wateja wamekaa kwenye mabenchi wakitazama koleo. Ukiweza kufanya kazi hiyo kwa dakika 10 au 15, umeongeza zaidi ya saa mbili za mauzo kila siku bila kununua hata bomba moja la ziada.

Nalikazia jambo hili kwa sababu wafugaji na wasindikaji wetu wanapopanga kuongeza kipato, wazo la kwanza huwa kuongeza ukubwa: ng'ombe wengine, mashine nyingine, jengo jingine. Ni mara chache mtu hukaa na saa mkononi na kuhesabu ni muda gani mtambo alio nao unasimama bure. Zamboni alihesabu.

Mwaka 1942 alinunua trekta akaanza majaribio. Wazo lilikuwa kufunga kila kitu kwenye chombo kimoja: kisu cha kukwangua, kitu cha kuzoa vifusi, tangi la maji, na kitambaa cha kusambaza. Chombo cha kwanza kilivutwa nyuma ya trekta. Hakikufaa. Hakikulaza barafu sawasawa wala hakikuzoa vifusi vizuri. Akakiweka kando, akarudi tena baada ya vita, akajaribu mfano mwingine mwaka 1947, nao ukamshinda. Wakati wote huo uwanja ulikuwa ukiendeshwa kwa makoleo, na ndio uliomlisha. Naona hapa kuna jambo ambalo waandishi wa habari za wavumbuzi hulipita haraka: aliweza kukosea kwa miaka saba kwa sababu alikuwa na biashara inayoingiza fedha, na alikuwa na mahali pa kujaribia kila usiku wateja wakishaondoka. 

Mwaka 1949 mashine iliyofanya kazi ikapatikana. Aliiita Model A. Ukiiona picha yake utacheka. Ilikuwa mkusanyiko wa vipuri vya mtumba kutoka vitani: injini ya Jeep, bomba la haidroliki lililotoka kwenye ndege ya kivita, na sanduku la mbao la kubebea vifusi. Magurudumu yote manne yalivuta na yote manne yalikata kona. Hilo la kukata kona kwa magurudumu yote lilionekana la busara hadi mashine iliponasa kwenye ukuta wa pembeni mwa uwanja. Akabadili ikawa inaongozwa kwa magurudumu ya mbele tu. Lakini mtu mmoja, akiwa ameketi, aliweza kumaliza kazi ya kundi zima kwa muda wa dakika kumi hivi. Aliomba hataza mwaka huo huo, akaipata mwaka 1953.

Namna mashine hizo zinavyofanya kazi haijabadilika sana hadi leo. Chini yake kuna kisu kirefu cha karibu mita mbili, chenye makali ya kunyolea, kinachokwangua uso wa barafu. Nyuma ya kisu kuna parafujo ndefu ya kulaza, mfano wa ile iliyo ndani ya mashine ya kusaga nyama, inayokusanya vifusi katikati, na kisafirishi kinavipandisha hadi kwenye tangi kubwa la mbele. Maji ya kuoshea hupenya kwenye mifereji na kutoa uchafu, kisha hunyonywa. Mwisho kabisa, kitambaa kipana kinachokokotwa nyuma hulaza tabaka jembamba la maji safi.

Maji hayo ya mwisho huwa ya moto, nyuzi 60 hivi. Msomaji anaweza kudhani nimekosea. La, ni ya moto. Maji ya moto yana hewa kidogo ndani yake, hivyo yakiganda yanakuwa magumu na angavu, na pia huyeyusha kidogo barafu ya chini ili vishikane. Barafu yote ya uwanja wa ndani ina unene wa sentimita mbili na nusu au tatu tu. Ikizidi, mitambo hufanya kazi ya ziada, kwa sababu barafu yenyewe ni kizuizi cha baridi kati ya sakafu na uso. Kwa hiyo kukwangua si urembo, ni kupunguza bili ya umeme.

Kutoka uwanja wake hadi viwanja vya wengine

Inaelekea kwamba mwanzoni Zamboni hakuwa na nia ya kuuza mashine. Aliitengeneza kwa ajili ya Iceland. Uwanja mmoja wa Pasadena, mji wa jirani, ukaiona na kuagiza ya kwao. Kisha akatokea Sonja Henie. Huyu alikuwa Mnorwei, bingwa wa Olimpiki mara tatu, mwaka 1928, 1932 na 1936, aliyekuja kuwa nyota wa filamu na mwenye maonyesho makubwa ya kuteleza. Alikuwa akifanya mazoezi Iceland, akaona mashine ikifanya kazi, akataka moja kwa ajili ya ziara yake. Mwaka 1950 akaipata. Kila mji aliokwenda, wenye viwanja walikaa wakitazama mashine kama walivyomtazama yeye. Tangazo la namna hiyo halinunuliki.

Jina la kampuni nalo lina kisa. Alitaka kuiita Paramount Engineering, kwa jina la mji wao, lakini jina hilo lilikuwa limeshachukuliwa. Akaandikisha Frank J. Zamboni & Co. Bahati iliyoje, jina la mji lisingekaa midomoni mwa watu kama lilivyokaa jina la ukoo wake. Kampuni hadi leo hulinda alama hiyo ya biashara kwa ukali, kwa sababu jina likishakuwa la kila mashine ya aina hiyo, mwenyewe anaweza kulipoteza mbele ya sheria.

Mwaka 1954 mashine yake ilifika kwenye uwanja wa Boston Bruins, timu ya ligi kuu ya magongo ya barafuni. Mwaka 1960 zikatumika kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Squaw Valley, California, na dunia nzima ikaziona. Mashine ya 10,000 ilikabidhiwa mwaka 2012, miaka mingi baada ya kifo chake, ikaenda kwa timu ya Montreal Canadiens. Ukigawa, ni mashine 160 hivi kwa mwaka. Kwa kiwanda cha magari hiyo ni kazi ya asubuhi moja, lakini Zamboni hakuingia kwenye soko kubwa. Aliingia kwenye soko dogo ambalo hakuna mwingine aliyelifahamu kama yeye, kwa kuwa naye alikuwa mteja wake mwenyewe. Kila kasoro ya mashine ilimgusa kwanza yeye, usiku, kwenye uwanja wake.

Kampuni ilipofungua kiwanda nchini Kanada, ilikiweka Brantford, jimbo la Ontario. Wapenzi wa mchezo wa magongo wanaujua mji huo kwa sababu nyingine. Ndiko alikozaliwa Wayne Gretzky mwaka 1961, mchezaji ambaye wengi humtaja kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza, na ndiko baba yake Walter alikogandisha ua wa nyumba yao kila majira ya baridi, akitumia kinyunyizio cha kumwagilia bustani, ili watoto wateleze bila yeye kusimama kwenye baridi ya uwanja wa mtaa. Wazazi wengine wa Kanada wameiga hata mashine: hufunga pipa la maji ya moto kwenye kigari, wakaweka bomba lenye matundu chini na taulo nyuma yake, wakalikokota kuzunguka ua. Ni kanuni ile ile ya Zamboni, isipokuwa injini ni baba mtu.

Huku kwetu jambo hili si geni kabisa. Katika miaka ya 2000 hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu wa futi za mraba 15,000, na humo ikazaliwa timu ya magongo ya Ice Lions. Kugandisha maji Nairobi ni sawa na kuyagandisha Los Angeles: baridi yote inatoka kwenye soketi ya umeme, na ndiyo sababu uwanja wa namna hiyo ni bidhaa ya tabaka la watu wenye fedha.

Zamboni hakuacha kubuni alipotajirika. Katika miaka ya 1970 viwanja vingi vya michezo Marekani viliweka nyasi bandia, ambazo mvua ikinyesha zilishika maji. Akatengeneza mashine ya kunyonya maji hayo, na nyingine za kukunja na kutandika nyasi zenyewe. Uvumbuzi wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1983, akiwa na miaka 82: kifaa cha kukwangua barafu inayojijenga pembezoni mwa uwanja, pale ambapo kisu kikubwa hakifiki. Ni kasoro ndogo ambayo mtazamaji haioni, lakini mwendesha uwanja huiona kila siku.

Alifariki Julai 27, 1988, akiwa na umri wa miaka 87. Norda naye alifariki mwaka huo huo. Mwaka 2007 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani, na mwaka 2009 katika ile ya mchezo wa magongo wa nchi hiyo, ingawa si kwa kucheza. Mtoto wake Richard aliongoza kampuni baada yake, na ukoo ukaendelea kuishika, makao yakiwa pale pale Paramount. Mazizi ya ng'ombe yaliyompa kazi ya kwanza yaliondoka zamani, ardhi ikawa ya nyumba na viwanda. Ile Model A, pamoja na sanduku lake la mbao, ilifanyiwa ukarabati katika miaka ya 1990 na kurudishwa kwenye uwanja wa Iceland ilikoanzia kazi.